Shangingi la Umma Linanyweshwa Nini?

Kila mwaka Bunge linapoketi Dodoma kujadili matumizi ya serikali, haukosi kuzuka tena mjadala wa magari ya fahari. Ni mjadala wa siku nyingi. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru wananchi waliwapachika wakubwa jina la Wabenzi, kwa ajili ya magari waliyoyapanda. Baadaye gari lenyewe ndilo lililopewa jina, likaitwa shangingi, na jina hilo limeshika kiasi kwamba hata kiongozi analitamka jukwaani bila kuona haya. Mjadala huo ni halali, kwa maana fedha zinazonunua magari hayo ndizo ambazo zingenunua madawati na dawa. Lakini una upungufu mmoja mkubwa: unakoma siku ile gari linapotoka bandarini. Baada ya hapo hakuna anayeuliza linanyweshwa nini.

Na hapo ndipo hasara ya pili inapoanzia, hasara ya kimyakimya isiyotajwa katika hotuba ya bajeti. Gari la fahari, tofauti na lori, limetengenezwa kwa vipimo vya karibu mno, na kila kimiminika kinachoingia ndani yake, iwe dizeli, oili ya injini, maji ya rejeta, mafuta ya breki au mafuta ya gia, kimechaguliwa na waundaji kama vile mganga anavyochagua dawa. Ukikosea, gari halilalamiki siku hiyo. Hulalamika baada ya mwaka au miwili, na wakati huo ofisa aliyetia saini ya kununua mafuta yasiyofaa amekwisha hamishiwa mkoa mwingine, na anayebaki kulaumiwa ni dereva.

Tuanze na dizeli. Chukua Toyota Land Cruiser ya V8 iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo sura ya msafara wa kiongozi. Injini yake ya dizeli ya lita 4.5 hupuliza mafuta kwa nozeli zenye matundu membamba mno, kwa presha inayozidi ile ya upepo wa tairi kwa zaidi ya mara 500. Pampu inayozalisha presha hiyo haina mafuta yake ya kulainisha. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Sasa mfanyabiashara asiye na haya akichanganya humo mafuta ya taa, ambayo ni mepesi na hayana utelezi wa dizeli, chuma hukutana na chuma. Unga wa chuma hutangulia kwenye nozeli, na kazi imekwisha. Land Rover ya zamani ingekohoa kidogo, ikatoa moshi, ikaendelea na safari ya Songea. Shangingi halina subira hiyo.

Nchi yetu imekwisha kuujua ugonjwa huu kwa gharama. Kwa muda mrefu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa ajili ya kumsaidia mwananchi wa kijijini anayewasha kibatari, na tofauti hiyo ya kodi ndiyo iliyowapa wachakachuaji mtaji. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yaweze kutambuliwa, na katika bajeti ya mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Hatua hiyo ilikuwa na shabaha njema, ingawa hatuna budi kukiri kwamba sehemu ya gharama yake ilibebwa na mama mwenye kibatari ambaye hajawahi kuchakachua chochote. Kwa heshima yake, basi, ofisa wa serikali aliye safarini hana udhuru wa kujaza tangi kwa mafuta ya madumu kandokando ya barabara eti kwa sababu kituo kiko mbali. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini ana vituo vyake kwa ajili ya magari ya umma. Panapokosekana, kiko kituo chenye pampu na risiti.

Lipo na jambo lisilopendwa kusemwa. Dereva ambaye posho yake ya safari imecheleweshwa wiki tatu, naye yuko Mpanda na tangi limejaa, amewekwa katika majaribu na ofisi yake. Lita chache zikinyonywa zikauzwa, pengo litazibwa kwa chochote kilicho rahisi kabla ya kurudi. Kumlipa mtu haki yake kwa wakati ni sehemu ya kulitunza gari, wala si hisani.

Salfa nayo ina hesabu yake. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa kwa mapafu ya wakazi wa mijini. Hata hivyo, Ulaya ilikwisha kushuka hadi sehemu 10 tangu mwaka 2009, na magari ya dizeli ya fahari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Ulaya, yenye chujio la masizi katika bomba la moshi, yanaitarajia dizeli ya namna hiyo. Mengine yanahitaji pia tangi la pili la maji ya yurea, yenye yurea asilimia 32.5, kwa ajili ya kusafisha moshi. Maji hayo yakimiminwa kwa makosa katika tangi la dizeli hugeuka chembe za chumvi ndani ya pampu. Kadhalika, petroli ikiingia katika tangi la dizeli, amri ni moja tu: funguo isizungushwe. Tangi likimwagwa kabla injini haijawashwa, hasara ni mafuta tu. Ikishawashwa, ni pampu. Idara inayotaka kununua gari la namna hii ijiulize kwanza mafuta yake na maji yake yatapatikana Sumbawanga au la.

Kwa upande wa petroli, kosa lililoenea ni la kinyume: si ubahili bali ni fahari. Watu wengi, hata wasomi, wanaamini kwamba namba kubwa ya okteni ina maana ya mafuta yenye nguvu zaidi. La hasha. Namba hiyo, ambayo chimbuko lake ni kipimo kilichobuniwa na mkemia Graham Edgar mwaka 1926, inaeleza uvumilivu wa petroli inapobanwa ndani ya silinda kabla haijajiwakia yenyewe bila kusubiri cheche ya plagi. Injini inayobana sana, au yenye tabo, inahitaji petroli yenye uvumilivu. Ikinyimwa, itagonga, na mgongo huo ukidumu utatoboa pistoni. Injini isiyobana sana haipati faida yoyote kwa kunyweshwa okteni ya juu, na shilingi za ziada zimetupwa. Kwa hiyo mwenye BMW au Mercedes-Benz ya tabo asithubutu kushuka chini ya namba iliyoandikwa ndani ya kifuniko kidogo cha tangi, na mwenye gari dogo la kawaida asijione mnyonge kwa kutojaza ile ya bei ya juu.

Ila asome vizuri. Ulaya na Japani huhesabu okteni kwa njia moja, Marekani kwa nyingine, hata namba 91 katika kibandiko cha gari lililoundwa kwa soko la Marekani inakaribia 95 ya kwetu. Na yale magari yaliyotumika yanayotoka Japani, ambayo ndiyo wengi wetu walimu na watumishi tunayoyamudu, huja na kibandiko cha Kijapani kisichosomwa na mtu. Huko petroli ya kawaida huanzia okteni 89 na ile ya juu 96. Kabla ya kukiondoa kibandiko hicho kwa sababu kinaharibu sura ya gari, tafuta mtu akisome.

Wazee wanaokumbuka petroli yenye risasi watakubali kwamba mafuta yasiyofaa hayaharibu chuma tu. Risasi ilianza kutiwa katika petroli baada ya ugunduzi wa Thomas Midgley katika maabara za General Motors mwaka 1921, kwa ajili ya kuzuia kule kugonga. Ikatiwa sumu hewani kwa miongo mingi, na watoto wakaivuta. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikafuata mwaka 2021.

Sasa tufike kwenye oili ya injini, maana hapa ndipo fedha za umma zinapovuja kuliko kwingine kote. Tazama hati ya zabuni ya ofisi nyingi. Imeandikwa: oili ya injini, lita 20. Basi. Mzabuni wa bei ya chini huleta kopo la 20W-50, ambalo si oili mbaya hata kidogo; ni oili nzuri kwa Peugeot 504 na kwa lori la Bedford. Fundi naye huliunga mkono kwa hoja inayosikika kuwa ya busara: nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo oili iwe nzito. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu injini zilipokuwa na nafasi pana kati ya chuma na chuma. Katika injini ya kisasa njia za oili ni nyembamba, na oili hiyo hiyo ndiyo inayoendesha mitambo ya kugeuza saa za vali na kuipoza tabo inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Oili nzito asubuhi huchelewa kufika juu, na sekunde hizo chache za kuchelewa ndizo zinazokula injini.

Namba zenyewe si fumbo. Katika 5W-30, ile ya kwanza pamoja na herufi W inaonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa ya baridi, na ile ya pili inaonyesha uzito wake injini ikiwa imepata moto. Kitabu cha gari mara nyingi huwa na jedwali linaloruhusu uzito zaidi ya mmoja kulingana na hali ya hewa, na mtu anayechagua 5W-40 kwa ajili ya Dar es Salaam kwa kufuata jedwali hilo hajakosea. Anayekosea ni yule anayechagua bila kulifungua. Zaidi ya uzito kuna kibali cha mwundaji. Mercedes-Benz hutoa namba zake, kama 229.5 kwa injini nyingi za petroli na 229.51 kwa oili yenye majivu machache inayofaa dizeli yenye chujio la masizi. BMW ina Longlife-04. Volkswagen, ambao Audi ni wao, wana 504 00 na 507 00. Namba hizi huandikwa nyuma ya kopo kwa herufi ndogo. Mbele ya kopo huandikwa maneno matamu, ambayo hayana kazi. Oili yenye majivu mengi ikitiwa katika dizeli yenye chujio, majivu hayo hayaungui tena. Hujaa katika chujio hadi likaziba, na bei ya chujio jipya haitamkiki mbele ya mhasibu.

Je, sheria ya ununuzi wa umma inazuia kutaja haya? Haizuii. Inachokikataa ni kutaja jina la biashara kwa upendeleo. Kutaja kiwango na kibali kilichomo katika kitabu cha gari ni wajibu wa mnunuzi, na ofisa usafirishaji anayeandika "lita 20" peke yake ameacha nusu ya kazi yake.

Kuhusu muda wa kumwaga oili, ipo dharau nyingine. Kiwanda cha Ulaya kikisema kilometa 15,000 au zaidi, kimefikiri barabara za lami, dizeli safi na safari ndefu. Kitabu hicho hicho, kurasa chache mbele, hueleza kwamba penye vumbi na penye kazi ngumu muda upunguzwe. Na kazi ngumu si mlima peke yake. Shangingi linaloegeshwa nje ya ukumbi wa semina kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, injini ikiunguruma ili mkubwa atakapotoka akute ubaridi, limefanya kazi saa sita bila kuongeza kilometa hata moja. Daftari la safari halikuandika kitu. Oili imeandika yote.

Maji ya rejeta tusiyakalie sana. Injini za sasa zina alumini nyingi, na maji ya bomba, hususa yale ya visima vyenye chumvi tunayoyajua sisi tunaofanya kazi Dodoma, huacha gome ndani ya mifereji na kuila alumini taratibu. Kinachotakiwa ni kulanti iliyotajwa na kiwanda, ikichanganywa na maji yaliyosafishwa kwa kipimo. Rangi isikudanganye: nyekundu ya kampuni moja si nyekundu ya nyingine, na zile zisizopatana zikichanganywa huweza kuganda kama uji.

Breki ni jambo jingine, kwa sababu hapa hatuzungumzii fedha tena. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubaliwa hushuka hadi nyuzi 155. Yale ya DOT 3 hushuka kutoka 205 hadi 140. Hebu sasa fikiria gari lenye uzito wa karibu tani tatu, limebeba watu saba na mizigo yao, linateremka Mlima Kitonga kutoka Iringa, dereva akiwa amekanyaga breki kwa muda mrefu kwa kuwa mkubwa ana haraka ya kufika Morogoro. Diski zinakuwa nyekundu, joto linapanda hadi kwenye mafuta, maji yaliyomo yanachemka na kuwa mvuke, na mvuke hubanwa kama puto. Mguu unafika sakafuni na gari halisimami. Viwanda vingi vya magari ya fahari vinaagiza mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka miwili bila kujali kilometa. Ni kikopo kimoja au viwili. Tujiulize ni ofisi ngapi zenye kumbukumbu ya lini yalibadilishwa mara ya mwisho.

Kuhusu gia ya otomatiki, wauzaji wamezoea kusema kwamba imejazwa mafuta ya maisha yote. Maisha ya nani? Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo giaboksi zake za gia nane zimo katika BMW, Jaguar, Range Rover na nyinginezo, yenyewe inashauri mafuta hayo yabadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000. Muuzaji anahesabu maisha ya mnunuzi wa kwanza wa Ulaya, ambaye atalibadilisha gari baada ya miaka michache. Gari la umma hapa kwetu linaanzia wizarani, linashuka mkoani, linaishia halmashauri, kisha linapigwa mnada na kuanza maisha mapya kwa raia. Na mafuta ya gia hayabadilishani: kila giaboksi ina yake.

Anayetaka kuona kwamba haya hayakuanza jana atazame historia ya magari ya fahari yenyewe. Citroën DS, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1955, iliinuka na kufunga breki kwa mafuta ya haidroli. Katika miaka ya 1966 na 1967 kiwanda kilibadilisha mafuta mekundu kikaweka ya kijani yatokanayo na madini, na vyombo vya mfumo mpya vikapakwa rangi ya kijani ili fundi asikosee, kwa sababu tone la aina moja katika mfumo wa aina nyingine huyeyusha mipira yote. Rolls-Royce nao walifanya mabadiliko ya namna hiyo kwa Silver Spirit ya mwaka 1980, na fundi aliyezoea Silver Shadow akimimina mafuta ya breki ya zamani humo, huleta hasara ya bei ya nyumba. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, imehifadhiwa Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Walimu wanaowapeleka wanafunzi pale wanaweza kuwaeleza kwamba hata gari la aina hiyo ni mtumwa wa kopo sahihi.

Yanayotakiwa hayahitaji semina. Kitabu cha gari kitolewe katika kabati la mkuu wa idara, ambako kimefungiwa kama hati ya kiwanja, kirudishwe ndani ya gari. Ule ukurasa mmoja wa vimiminika na vipimo vyake utafsiriwe kwa Kiswahili, kazi ambayo mwalimu yeyote wa sekondari akishirikiana na fundi ataimaliza kwa siku moja, nakala ipewe dereva, nyingine mhasibu, nyingine ibandikwe katika gereji. Dereva apewe mamlaka ya kukataa kopo lisilolingana na ukurasa huo, na kukataa kwake kusihesabiwe ukaidi. Tarehe ya mafuta ya breki iandikwe katika daftari la safari pamoja na kilometa.

Na makopo matupu ya oili yatobolewe kabla ya kutupwa. Yapo madirishani pa gereji nyingi, masafi, yenye lebo zake kamili, na wapo vijana wanaoyanunua kwa bei nzuri kuliko chuma chakavu.